Mtunzi Hajulikani

Kule Walungu, milimani Kivu, watu waliuogopa ulimi wa Melania kuliko fimbo. Kama bwana harusi alikuwa mchoyo, au mama mkwe alikuwa na domo, Melania alikuwa ameshamtungia wimbo kabla chakula hakijaiva, na wimbo huo ungemfuata mhusika hadi uzeeni. Vita vilipomng'oa huko na kumpitisha Bujumbura hadi Fort Worth, Texas, alifika na nyimbo zake kichwani. Mdogo wake Kalume alifika na lulanga, kile kinanda cha ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo, nyuzi zimetandazwa juu yake. Siku za kazi dada alifua mashuka ya hospitali na kaka alipakia maboksi ghalani. Kwenye harusi za Wakongo wenzao waliwavunja watu mbavu.

Kwenye harusi moja ya namna hiyo, mwaka 2007, ndipo alipotokea Lenny. Alikuwa Mkenya, kijana wa ofisini anayekaa Katy, nje ya Houston, mwenye ulimi wa asali. Alisema ana rafiki Mmarekani, Bwana Dale, mwenye studio Houston, anayetafuta muziki wa asili ili atoe albamu.

"Mama, wewe ni hazina," alimwambia Melania. "Kiingereza niachie mimi."

Basi majira yale ya majani kupukutika, Jumamosi zao zikaishia barabarani. Kalume alishika usukani, lulanga ikalazwa kiti cha nyuma na kufungwa mkanda kama mtoto mchanga. Mwanzoni joto lilikuwa bado la kuchoma. Kisha siku moja upepo wa kaskazini ukashuka ghafla, maboga yakajaa kwenye vibaraza vya watu, na Melania akaanza kuimba akiwa na skafu shingoni, maana koo lilimkwaruza.

Bwana Dale alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye ndevu nyeupe. Siku ya kwanza Melania alimwimbia ule wimbo wa bwana harusi aliyejificha nyuma ya jiko akala paja zima la mbuzi peke yake, wageni wakaambiwa mbuzi alizaliwa kilema. Ulikuwa kwa Mashi, lugha ya kwao. Bwana Dale alifumba macho, akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ana nini huyu?" Melania akauliza.

"Ameguswa, mama," Lenny akajibu. "Anasikia uchungu wa watu wako."

"Uchungu wa nani? Mwambie ni wimbo wa mbuzi!"

Lenny akazungumza Kiingereza, maneno mengi laini. Kiingereza cha Melania kilikuwa kidogo, lakini jina la mbuzi alilijua, kwa sababu ndiyo nyama aliyokuwa akiagiza buchani kila sikukuu. Alitega sikio. Hakulisikia. Bwana Dale ndiyo kwanza akazidi kuhuzunika.

Hilo lilimkera, lakini akalimeza. Kazi ilikuwa inakwenda, na Kalume alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu waondoke nyumbani. Wakarekodi wimbo baada ya wimbo. Na kila wimbo Melania aliumaliza kwa desturi ya kwao: katika ubeti wa mwisho mtunzi hujitaja. Mimi niliyesema haya ni Melania wa Nabintu, mwenye kukasirika aje mlangoni kwangu. Anayekwepa kujitaja, walisema watu wa Walungu, ni msengenyaji tu.

Katikati ya Novemba, ukiwa umebaki wimbo mmoja kurekodiwa, Lenny akaleta sidii ya majaribio na karatasi ya jalada. Melania hakutaka kusubiri. Alipotoka kazini alimwendea rafiki yake Immaculate, nesi Mkenya wa hospitali ileile, wakakaa ndani ya gari lake kwenye maegesho, vioo vimefungwa kwa ajili ya upepo.

Wimbo wa mbuzi ukaanza. Immaculate akatabasamu. Melania akasubiri ubeti wa mwisho aone rafiki yake atakavyocheka akisikia jina. Lulanga ikafifia, kukawa kimya, ukaingia wimbo mwingine.

"Rudisha."

Immaculate akarudisha. Hakuna. Wakasikiliza wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Kila mahali Melania alipojitaja palikuwa pamekatwa, safi, kama mtu anayetoa mwiba kwenye samaki.

"Hebu nisomee hiyo karatasi."

Immaculate akaisoma kimoyomoyo kwanza, na uso wake ukabadilika. "Inasema, 'Maombolezo ya kale kutoka misitu ya Kongo.'"

"Msitu gani? Walungu ni mashamba na ng'ombe!"

"Inasema pia, 'Nyimbo za jadi. Mtunzi hajulikani.'"

"Soma tena."

"Mtunzi hajulikani, Mama Melania."

Melania aliichukua ile karatasi. Jalada lilikuwa na picha yake, nyeusi na nyeupe, mkono umefunika macho, kama mfiwa. Aliikumbuka siku ile. Kalume alikuwa amekalia keki ya harusi, na yeye Melania alikuwa akicheka mpaka machozi. Walikuwa wamemkata kuanzia puani kwenda chini, ili meno yasionekane.

Hakulia. "Kambini nilikuwa namba ya hema," alisema. "Uwanja wa ndege nilikuwa mfuko mweupe wa karatasi za ukimbizi, uliotundikwa shingoni. Nilivumilia, kwa kuwa wale hawakunijua. Huyu Dale nimemwimbia jina langu kwa mdomo wangu, akalikata, kisha anaandika kwamba hajui?"

Jioni alimweleza Kalume. Kalume akachezea funguo za gari.

"Yaya," alisema mwishowe, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa, "tuache vile. Si sauti yako watu wataisikia? Tukisumbua watatutupa, na albamu itakufa."

"Hata ng'ombe ana sauti, Kalume. Lakini nyumbani hata ng'ombe alikuwa na jina. Jumamosi utanipeleka Houston, ama nipande basi."

Kalume akampeleka. Immaculate akabadilisha zamu akaenda nao. Njia nzima hakuna aliyewasha redio.

Lenny alipoona nesi akishuka garini, uso ulimshuka. Ndani ya studio Melania alibaki amesimama, mkoba begani.

"Immaculate, mwambie neno kwa neno, usimpake mafuta. Wimbo wa kwanza ni wa mwanamume mroho na paja la mbuzi. Wa pili ni wa mama mkwe aliyeficha chumvi. Hakuna maombolezo hapa. Nyimbo zote nimezitunga mimi, na wengine niliowaimba wangali hai na wananichukia mpaka leo."

Immaculate akatafsiri. Bwana Dale akamgeukia Lenny, masikio yamemwiva, akamsemesha kwa Kiingereza.

"Anasema alikuuliza mtunzi ni nani, tena zaidi ya mara moja," Immaculate akamwambia Lenny kwa Kiswahili, ili Melania naye asikie. "Ukamjibu ni nyimbo za mababu, za karne nyingi."

"Mama, elewa," Lenny akasema kwa Kiswahili, mikono imefunguka. "Huku watu wanataka kitu cha kale, kitu deep. Wimbo wa mbuzi hauuziki. Nilikuwa nakusaidia."

"Ulinisaidia kunizika? Mimi niko hapa, nakohoa mbele yako!" Kisha akamgeukia Dale. "Na yeye asijifiche nyuma ya huyu. Mkasi aliushika nani?"

Bwana Dale alikiri kwamba beti zile alizikata mwenyewe. Zilisikika za furaha mno, alisema, zikaharibu hali ya albamu. Samahani sana. Lakini kazi ilikuwa imekwisha, umebaki wimbo mmoja tu. Labda jina lake lingewekwa ndani, kwenye shukrani.

"Shukrani!" Melania alicheka, na kilikuwa kicheko kibaya. "Mzazi anashukuriwa kwa kuhudhuria kuzaliwa kwa mtoto wake? Mwambie wimbo wa mwisho hautaimbwa. Na ule wa mbuzi, na wa chumvi, na zote zilizobaki, azifute. Hakuna karatasi niliyotia saini."

Kalume ndiye aliyesogea. Melania alidhani anakwenda kumsihi. Kumbe alikaa kwenye kigoda chake, akaipakata lulanga, akaanza kukaza nyuzi.

"Yaya," alisema bila kuinua macho, "kama tunaanza upya, weka jina lako katikati. Katika kila mstari. Tuone watakata wapi."

Bwana Dale akawasha mashine upya, wakaimba mchana wote. Bwana harusi alikula paja, Melania amemwona. Akafuta mdomo, Melania wa Nabintu anasema. Mbuzi hakuwa kilema, muulizeni Melania. Jina lilishonwa ndani ya wimbo kama uzi ndani ya mkeka. Ukilivuta, mkeka wote unafumuka. Immaculate, aliyeelezwa kila wimbo kwa Kiswahili kabla haujaanza, alikuwa akimnong'oneza Bwana Dale maana yake, na kwenye wimbo wa chumvi mzee yule alicheka mpaka akavua miwani. Melania hakumchekea.

Albamu ilitoka kabla ya Krismasi. Picha ilikuwa ileile, ila sasa nzima, meno yote nje. Immaculate aliileta chumba cha kufulia, wanawake wa zamu wakakusanyika kwenye joto la mashine, naye akasoma kwa sauti: "Nyimbo zote zimetungwa na kuimbwa na Melania wa Nabintu. Lulanga, Kalume." Wakapiga vigelegele. Immaculate akakohoa.

"Kuna mstari mwingine chini. 'Zimekusanywa na Lenny.'"

Melania akaangusha shuka alilokuwa akilikunja.

"Amezikusanya? Kwani zilikuwa zimetawanyika wapi?"

Akafuta mikono kwenye aproni, akaomba simu.