Maoni ya Mlangoni Kuhusu Mwanamke wa Ngazini

Ifahamike kwa wote wenye macho, masikio na tiketi kwamba hii ni taarifa rasmi, kamili na isiyopendelea upande wowote, kuhusu maoni ya watazamaji juu ya ile filamu kongwe ya kutisha inayoonyeshwa kila Jumapili alasiri, tangu shule zifungwe, katika ukumbi wa Shangazi. Mwandishi ameiandaa kwa utulivu mkubwa, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, brashi ya choo ikiwa karibu naye. Habari za hiyo brashi zitaelezwa kwa wakati wake.

Ukumbi una viti vya mbao, mapazia mazito yanayonuka vumbi, na mlango mmoja tu wa kutokea. Shangazi, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka akastaafu, ana sharti lake: hakuna anayetoka bila kutoa maoni. Filamu ikiisha yeye husimama mlangoni, mkono kwenye komeo, na kila mtu husema lake kwa sauti. Asiye na maoni hurudi kukaa mpaka apate. Kuna siku kinyozi wa jirani alikaa mpaka njaa ikamshika, kisha akasema mapazia yalikuwa mazuri. Akafunguliwa.

Filamu yenyewe ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Mke wa tajiri mmoja anashuka ngazi za nyumba yao kubwa, taa mkononi, anaanguka, anakufa. Mumewe anaoa tena. Marehemu anarudi kila usiku kugonga milango, mke mpya anazimia mara kwa mara, mwishowe anaitwa mzee mwenye joho ambaye anamfungia marehemu kabatini. Mume na mke mpya wanakumbatiana dirishani. Hapo ukumbi mzima hupiga makofi.

Iko pia desturi. Mwanamke anapofika katikati ya ngazi, muziki hunyamaza, na mtu fulani kutoka viti vya nyuma hupiga ukelele: "Nyuma yenu!" Watu wote hugeuka. Hapo mwanzo waligeuka kwa hofu. Siku hizi wanageuka kwa raha zao, wakicheka, wengine wakipunga mikono gizani. Wanaporudisha macho mbele, mwanamke tayari yuko chini na taa imezimika. Shangazi aliapa kwamba akimtia mkononi huyo mpiga ukelele, atamsuguisha vyoo vya ukumbi mpaka shule zifunguliwe. Wakati huo alikuwapo nyumbani kwake mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa bweni aliyekuja likizo, kijana mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano, ambaye hakuna mtu mwenye akili timamu angemshuku.

Jumapili moja, makofi yalipokwisha, mwanamke wa ngazini alisukuma mlango wa kabati kwa ndani, akapita katikati ya mume na mke mpya, akashuka kutoka kwenye kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu. Alikuwa wa kijivu mwili mzima, na sauti yake ilichelewa kidogo nyuma ya midomo. Watu walisogeza magoti apite.

"Samahani," alisema. "Naomba kusikiliza maoni."

"Una tiketi?" Shangazi akauliza.

"Mimi nimo kwenye filamu."

Shangazi alifikiri. "Haya, simama upande huu. Usizibe mlango."

Wa kwanza kutoka alikuwa dereva wa lori. "Mimi nasema lile gauni ni refu mno. Mtu unavaa gauni kama lile kwenye ngazi, unatafuta nini?"

"Asante," mwanamke akasema.

"Na hasira pia," mke wa dereva akadakia. "Dada, usinune, lakini mtu ukishakufa si utulie? Baba wa watu halali, anahangaika na milango usiku kucha!"

"Asante."

"Mume kaigiza, jamani," kinyozi akasema. "Yale machozi pale makaburini! Mimi nililia naye." Kisha akamwona aliyesimama kando ya Shangazi, akavua kofia. "Pole, mama. Na wewe ulianguka vizuri."

Wa mwisho walikuwa fundi cherehani na mumewe, wenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Fundi alikuwa na bandeji kwenye kifundo cha mkono. Kabla ya hapo alikuwa na plasta juu ya jicho. Aliteleza bafuni, mumewe alimweleza kila mtu kabla hajaulizwa. Sakafu ya bafu lao ni mbaya sana. Alikuwa amemshika mkewe kiwiko.

"Sema, mke wangu, unawachelewesha wenzio."

"Aliteleza," fundi akasema. "Watu huteleza."

Mwanamke wa kijivu alimtazama kwa muda. Asante ya safari hii haikusikika vizuri.

Hakurudi ndani ya filamu. Alilala kwenye viti vya mbele, na kulipokucha akamsaidia Shangazi kufagia. Vumbi alilozoa yeye lilikuwa la kijivu, lakini lilizoleka kama lingine. Baadaye walikaa uani wakimenya viazi.

"Mwenzangu, unasubiri nini hasa?" Shangazi akauliza.

"Mtu mmoja aseme kuna mkono. Katikati ya ngazi, mgongoni kwangu. Unaonekana kwenye kioo cha ukutani. Mtazamaji mmoja tu akiusema pale mlangoni kwako, sishuki tena zile ngazi."

"Mbona mimi filamu hii naijua kama sebule yangu, na mkono sijauona?"

"Unageuka, dada."

Shangazi aliendelea kumenya. "Kweli, nageuka," akasema. "Ningekusaidia, ila nisichokiona sikisemi. Nikianza kupokea maoni ya kuambiwa, mlango wangu utakuwa mlango gani?"

Filamu iliendelea kuonyeshwa bila yeye. Taa ilishuka ngazi peke yake, ikaanguka peke yake. Milango iligongwa na hakuna aliyeigonga. Watazamaji walisema sasa ndiyo inatisha. Walikuja na ndugu zao. Shangazi alilazimika kuazima mabenchi, na hakuwa na haraka ya kumsindikiza mgeni wake. Kila Jumapili mgeni alisimama mlangoni, akasikia habari za gauni lake, viatu vyake na roho yake mbaya, akashukuru.

Likizo ilipokaribia kuisha, alimfuata yule kijana wa bweni aliyekuwa akipanga viti.

"Mwanangu," alisema, "nikiwa pale juu nauona ukumbi wote. Ukelele ukipigwa naona visogo. Visogo vitupu, safu hadi safu. Wewe tu ndiye sijawahi kukuona kisogo."

Kijana alipanga kiti ambacho kilikuwa kimeshapangwa.

"Kwa hiyo uliona," mwanamke akasema.

Angeweza kujibu ndiyo. Hasara yake ilikuwa vyoo viwili na ndoo. Kijana alisafisha koo, akatumia ile sauti anayoitumia mbele ya mwalimu wa zamu. "Mama, kwa maoni yangu, picha ilikuwa na giza kidogo."

"Asante," akasema mwanamke, na midomo yake ilikuwa imeshafunga sauti ilipofika.

Jumapili iliyofuata mwanamke alirudi kwenye filamu. Alisema huko ndani wamechoka kumsubiri, na kwamba maoni ameyasikia ya kutosha. Shangazi alimshikia pindo la gauni wakati anapanda kuingia, kisha akaliachia.

Ukumbi ulifurika. Muziki ulinyamaza. Mwanamke alisimama katikati ya ngazi, akatazama moja kwa moja kwenye viti vya nyuma. Kijana akainuka, na safari hii akapiga ukelele mwingine: "Anasukumwa! Tazameni mkono! Mbele!"

Ukumbi mzima ukageuka nyuma, ukicheka, ukipunga mikono. Kule mbele, kwenye kioo cha ukutani, mkono wenye pete ulitoka, ukasukuma. Taa ikazimika.

Shangazi alilikamata sikio la kijana hata kabla tajiri hajaoa tena, na hakuliachia mpaka mlangoni.

"Maoni yangu ni kwamba alisukumwa," kijana akasema, kichwa kikiwa kimeinama upande wa sikio.

"Likizo nzima umewaambia watu watazame nyuma, na nyuma hakuna kitu. Leo nikuamini habari za mbele?" Shangazi akawageukia watu. "Mpiga ukelele si mtazamaji, maoni yake siyapokei. Nani mwingine kaona mkono?"

"Tulikuwa tunamtazama yeye," akasema dereva. "Ila ukelele wa leo, mama, umetia fora!"

Shangazi alimtazama fundi cherehani, aliyekuwa na bandeji mpya. Mumewe alikuwa amemshika kiwiko.

"Aliteleza," fundi akasema.

Komeo likafunguliwa, watu wakaenda zao.

Taarifa rasmi inaishia hapo. Kijana mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano ni mimi, na choo cha pili bado sijakigusa. Leo ni Jumapili tena. Kupitia ukuta huu nasikia muziki ukinyamaza, kisha viti vinalia, watu wanageuka wenyewe bila mtu wa kuwapigia ukelele. Nimewafundisha vizuri.

Lipo jambo sikulisema pale mlangoni, nikiutazama ule mkono kwenye kiwiko. Niliposimama na kupiga ukelele, nyuso zote zilinigeukia, hata ya mume wa fundi, akicheka meno yote nje. Fundi peke yake hakugeuka. Nilikiona kisogo chake, kimenyooka kuelekea mbele, mpaka taa ilipozimika.