Mhojiwa Namba Arobaini na Saba

Mwezi wa nane mwaka 1994, kijana mmoja aitwaye Tamimu alishuka Kibiti kutoka kwenye lori la mbao, akiwa na mkoba wa ngozi, buti mpya na bunda la karatasi lililofungwa kwa uzi. Alikuwa anasomea shahada ya pili ya kilimo huko Morogoro. Profesa wake alitaka kujua wakulima wadogo wanaishije siku hizi, ruzuku ya mbolea imeondolewa, chama cha ushirika hakinunui tena, na kila mwenye lori ana ruhusa ya kuja kununua mpunga kwa bei aipendayo. Tamimu alipangiwa Mahege, kijiji kilicho juu ya bonde la mto.

Watu wa Mahege walimpokea vizuri. Walimpa chumba chenye godoro la sufi, walimchotea maji ya kuoga, walimpikia. Kitu kimoja tu walimnyima, nacho ni ukweli.

Aliyelianzisha jambo hilo ni mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mfaume. Ijumaa ile watu walipotoka msikitini aliwasimamisha barazani.

"Huyu bwana mdogo ni mpole, mlisheni," alisema. "Lakini ana karatasi inayouliza shamba lako kubwa kiasi gani na unavuna magunia mangapi. Karatasi kama ile mara ya mwisho niliiona kabla hatujahamishwa bondeni kuletwa huku juu. Kila mtu anajua mwenyewe la kujibu."

Walijua. Eka tatu zikawa nusu. Magunia kumi yakawa mawili. Mtu mmoja alisema mpunga wake wote uliliwa na nguruwe mwaka ule, na mwaka uliotangulia, na Tamimu alipomuuliza matarajio yake, akasema mwakani pia utaliwa.

Lakini aliyewashinda wote ni Bi Mashavu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye eka tatu za udongo mweusi kando ya mkono wa mto, na msimu ule alikuwa amevuna magunia kumi na moja. Alimkalisha Tamimu mkekani, akamwekea sahani ya wali mpya na kambale wa nazi.

"Mama, una shamba la ukubwa gani?" aliuliza Tamimu, kalamu mkononi.

"Sina."

"Huna kabisa?"

"Mwanangu, mjane kama mimi nitapata wapi shamba? Kula, samaki anapoa."

Tamimu akala matonge mawili. "Na mchele huu?"

"Naletewa."

"Na nani?"

"Na Mungu."

Tamimu aliliangalia dodoso lake. Palikuwa na visanduku vitano: dukani, sokoni, kwa ndugu, msaada, kwingineko. Akaweka alama kwenye kwingineko, akaomba aongezewe wali.

Kwenda bondeni hakwenda. Kila aliposema angependa kuyaona mashamba, Mzee Mfaume alimkumbusha viboko wa mtoni, na kila alipokumbushwa viboko aliziangalia buti zake mpya akaahirisha. Wiki ya tatu aliaga, akaondoka na majibu ya watu sitini.

Alirudi mwezi wa tano mwaka uliofuata. Profesa wake alikuwa na msimamo kwamba mtafiti akimaliza lazima awarudishie watu matokeo, basi Tamimu akaitisha mkutano shuleni, akabandika karatasi za manila ubaoni, akaanza kusoma. Mwanzo watu walifurahi sana. Kwa wastani, alisema, mkulima wa Mahege anavuna magunia mawili na robo kwa mwaka. Watu walicheka hadi wengine wakajifuta machozi kwa kanga. Jirani yake Mashavu, aitwaye Sikujua, alimnong'oneza, "Hiyo robo ni ya nani?"

Kisha Tamimu akafika kwenye hitimisho. Kwa mavuno hayo, alisema, kilimo cha mafuriko bondeni hakimtoshi mkulima wala si endelevu. Utafiti ulipendekeza wakulima watafutiwe shughuli nyingine huku juu, na bonde lipangiwe matumizi yenye tija zaidi. Akaongeza, akidhani ni habari njema, kwamba ipo kampuni ya mjini inayotafuta ardhi ya shamba kubwa, imeshausikia utafiti huo na imeomba nakala mara utakapokamilika.

Kicheko kilikatika. Watu walimgeukia Mzee Mfaume, naye akawa anaangalia dirishani.

Mashavu akasimama. "Mwanangu, mimi kwenye hesabu yako ni nani?"

"Majina ni siri, mama. Tunatumia namba."

"Basi nipe namba yangu."

Tamimu alipekua daftari. "Arobaini na saba."

"Haya. Andika kwamba arobaini na saba ni mwongo. Ana eka tatu, na ule wali uliokula ulitoka humo."

Kisha Sikujua naye akasimama akauliza namba yake, akasema hata yeye. Akafuata mtu wa nguruwe. Baada ya hapo watu hawakungoja zamu. Mwishowe Mzee Mfaume alikohoa, akasema kwamba yeye ni namba moja, na namba moja ndiye aliyewaharibu wengine.

Tamimu alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kifuani. "Mwaka mzima," alisema. "Nimeandika kurasa mia na kumi. Nawasilisha mwezi wa saba."

Alibandua karatasi zake moja moja, akazikunja, akatoka.

Mashavu alimfuata mpaka kwenye chumba chake, akamkuta anafunga mkoba. Alikaa kizingitini.

"Una haki ya kukasirika," alisema. "Sisi tulidhani unatafuta njia ya kutunyang'anya. Kumbe tumeichora wenyewe tukakupa uifyeke."

"Na sasa niamini lipi?" alisema Tamimu bila kugeuka. "Mwaka jana mlipunguza kwa kuogopa. Leo mkiogopa upande mwingine mtaongeza. Nikiwauliza tena mtanijazia magunia mpaka darini."

Mashavu alitaka kubisha, akaona kijana kasema kweli. "Usituulize basi," alisema. "Mpunga unakaribia kuiva. Njoo upime."

Tamimu alikuwa ameshika shati, hajalikunja. Angeweza kupanda lori kesho yake, kurasa mia na kumi zikapita, akawa mtu wa shahada kabla ya mwaka kwisha. Alisema baadaye kwamba alilifikiria jambo hilo kwa muda wa kulikunja lile shati moja. Alipomaliza kulikunja, alilitoa tena mkobani.

Aliandika barua Morogoro, kisha akamwendea fundi seremala Abdala, naye akamtengenezea fremu ya mbao ya mita moja kila upande. Mpango ulikuwa rahisi: anairusha fremu shambani bila kuchagua, panapoangukia anakata mpunga wote uliomo, anaupura, anaupima kwa mizani ya kuning'iniza. Mara tano kwa kila shamba.

Siku ya kwanza kina mama walikuja na vifungua kinywa kana kwamba ni ngoma. "Rusha pale!" walimwelekeza, wakimwonyesha palipojaa. Tamimu akageuka, akawapa mgongo mpunga, akarusha nyuma kupitia begani. Fremu ya kwanza iliangukia mtoni, wakaikimbilia wakicheka. Sikujua alijaribu kutia viganja viwili vya mpunga mwingine kwenye mfuko wa kupimia, akakamatwa na mwenzake, akasema anauongezea uzito ule uliopotea kwa kukaa juani.

Shamba la Mashavu lilipimwa siku ya nne. Mirusho minne ilikuwa mizuri, naye alitembea nyuma ya Tamimu kifua mbele. Wa tano ukaangukia pembeni, pale viboko walipopita wiki mbili nyuma. Ndani ya fremu palikuwa na tope na mashina matatu yaliyolala.

"Rusha tena," alisema Mashavu.

"Hapana, mama."

"Hapo viboko wamepita. Hapo si shamba langu, hiyo ni njia ya viboko."

"Na mwakani watapita kwa mwingine. Nikiiruka sehemu mbaya ya kila mtu, tutarudi kule kule kwa nguruwe na Mungu."

Mashavu alisimama mikono kiunoni. Alikuwa ameyatangaza magunia yake kumi na moja kijiji kizima, na mashina yale matatu yangeyashusha mpaka tisa. Aliinama, akayakata mwenyewe, akayatia kwenye mfuko wa kupimia, akamkabidhi. "Pima," alisema.

Walipumzika kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo wanachokaa watu wa bondeni kulinda mpunga. Tamimu alikuwa amevua buti, siku hizi alitembea pekupeku. Baada ya kunywa maji, Mashavu alishuka akaenda ukingoni, pale maji ya mafuriko yalipokuwa yanarudi mtoni. Alikuwa anatoboa mashimo kwenye tope kwa kijiti na kudondosha mbegu.

"Unapanda nini?" Tamimu alipaza sauti. "Mvua si imekwisha?"

"Mahindi na kunde. Mlau."

"Mlau ndio nini?"

Mashavu alimshangaa. "Maji yakitoka, sisi tunayafuata nyuma na mbegu. Udongo bado mbichi, na mto umeuletea rutuba, hatutii mbolea wala hatungoji mvua. Mwezi wa kumi tunavuna. Mwaka ambao mpunga umeharibika, tunakula mlau."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka maji yanapopanda."

"Mbona hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

"Hukuuliza. Karatasi yako iliuliza msimu wa mvua."

Tamimu alishuka dunguni taratibu, akasimama topeni akiyaangalia yale mashimo yaliyojipanga mpaka kwenye kona ya mto. Wao walikuwa wameficha nusu ya chakula chao kwa makusudi, na nusu nyingine aliifunika yeye mwenyewe, kwa dodoso alilolitunga akiwa amekaa kwenye kiti, Morogoro. Alianza kucheka, akashindwa kujizuia. Mashavu akamwekea mbegu kiganjani. "Tatu tatu," alisema. "Usizibane."

Alikaa mpaka mwezi wa kumi. Posho ya chuo ilikoma kabla ya hapo, akawa analala kwa Mzee Mfaume na kula kwa zamu nyumba hadi nyumba. Alipima mpunga, alipima mahindi, alipima kunde. Matokeo hayakuwa ya kutisha dunia. Wapo waliopata kidogo kweli, na mtu wa nguruwe aligundulika kwamba hakuongopa sana. Lakini ukijumlisha misimu yote miwili, bonde lilikuwa linamlisha mkulima wa kawaida zaidi ya mara tatu ya ilivyosomwa shuleni.

Wale wa kampuni walikuja na gari mwezi wa kumi na moja, wakalitazama bonde, wakachukua nakala ya majedwali mapya, hawakurudi. Mahege wanasema walishindwa na hesabu. Wengine wanasema walishindwa na barabara, maana gari lao lilinasa siku mbili. Tamimu alipoulizwa alisema hajui, na kweli hakujua.

Shahada yake ilichelewa mwaka mzima. Katika kazi aliyowasilisha aliyaweka majedwali yote mawili, lile la uongo na lile la mizani, akaeleza kila moja lilipatikanaje. Mtahini mmoja alimuuliza haoni aibu kuonyesha kosa lake. Alisema anaona, akaombwa aendelee.

Mwaka 1997 alikuja Mahege na kitabu chenyewe, kimejalidiwa kwa jalada jekundu. Kilikuwa cha Kiingereza. Mashavu alikigeuza huku na huku, akauliza shamba lake liko ukurasa gani. Tamimu akaufungua, akamsomea kwa Kiswahili taratibu, sentensi moja moja, jinsi maji yanavyopanda, yanavyotoka, na mkulima anavyotoboa mashimo na kutia mbegu nne.

"Tatu," alisema Mashavu.

Tamimu aliangalia. Aliangalia tena. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akakilaza kitabu kwenye goti, akairekebisha ile nne.