Kanda ya Dirishani

Kuna watu wananunua kanda ya muziki kama wanaoa. Wanaulizia ukoo, wanaulizia tabia, wanatuma watu wakachunguze, na siku ya kuileta nyumbani hamu imeshawaisha. Krispini ni wa namna hiyo. Tulimaliza naye fomu foo mwaka tisini na sita, tukarudi Mpanda kukaa kijiweni. Yeye anangoja matokeo, mimi siyangoji, nayajua.

Sasa Mama Kasilda, yule mwenye baa karibu na stesheni, mpiga muziki wake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta dhahabu. Ana redio kaseti kubwa, spika mbili na betri ya gari, lakini hana mtu. Mimi nikaomba. Krispini naye akaomba. Yule mama akatupa kila mmoja hela ya kanda moja, akasema, "Siku ya mnada kila mtu apige ya kwake. Atakayewakalisha wateja wangu ndiye anabaki."

Kwa Krispini ilikuwa kazi tu. Kwangu ilikuwa kufa na kupona. Maana mjomba wangu Masalu alishakubaliana na mama yangu kwamba nikikosa shughuli mpaka mnada upite, ananipakia kwenye baiskeli kwenda Magamba nikapalilie mahindi na kuchunga ng'ombe wake. Ng'ombe arobaini na kitu. Mimi na Pythagoras yangu kichwani, nikimbizane na ndama!

Basi Krispini akaanza utafiti. Wiki tatu, jamani. Jioni anakaa na redio ya baba yake, kipindi cha salamu, daftari mkononi, na saa ya ukutani ameishusha ameiweka mapajani. Kila wimbo anauandika: jina, bendi, watu wangapi wameuomba, dakika ngapi. Nikipita ananicheka.

"Gau, umeshanunua?"

"Nitanunua nikiiona."

"Utaionaje? Kanda hainunuliwi kama karanga, bwana. Na hata karanga watu wanaonja."

"Wewe umeonja wiki tatu, umeshiba?"

"Endelea na mdomo. Magamba panakungoja."

Mtu anayepima muziki kwa saa ya ukutani ni sawa na anayepima utamu wa nyama kwa rula. Nilimwambia hivyohivyo. Akaandika. Nadhani aliandika, maana huyo hata ukimtukana anaweka kumbukumbu.

Mimi nilinunua yangu Ijumaa, siku moja kabla ya mnada. Nilikuwa stesheni tu, nazubaa, treni inageuza kurudi Kaliua. Kwenye dirisha la daraja la tatu kuna jamaa kapakata redio, na humo ndani kuna gitaa linalia kama nyuki wamechokozwa. Nywele zilisimama. Honi ikapigwa, mabehewa yakaanza kutikisika.

"Oya! Hiyo unauza?"

"Ukiwa na hela kila kitu nauza!"

Nikakimbia sambamba na behewa, nikampa, akachomoa kanda akanitupia. Haina kava, lebo imebanduliwa. Treni ikaenda zake. Kuisikiliza nyumbani sikuweza, betri za redio yetu zilikuwa zimekufa tangu Pasaka. Na nisikilize ya nini? Nilishaisikia.

Siku ya mnada baa ilijaa mapema. Wasukuma wenye mifugo wametoka Kakese, wametoka Magamba, fimbo wameziegesha ukutani, mavumbi mpaka kwenye kope. Mjomba Masalu naye yumo, kakaa mbele kabisa, baiskeli yake kaifunga mlangoni ili niione.

Krispini akaanza. Kafunga mpaka kifungo cha shingoni. Wimbo wa kwanza, sauti taratibu, mzuri, siwezi kusema uongo. Watu wakainuka. Wanayumba, wanasubiri, maana kila mtu anajua rumba inavyokwenda: unaimbiwa kwanza, halafu gitaa linachachamaa, hapo kwenye sebene ndipo mtu anatoa jasho. Gitaa likaanza kupanda. Jamaa mmoja kashainua mkono juu, kakunja goti.

Kah! Wimbo ukakatika. Ukaingia mwingine, taratibu.

Wakayumba tena. Gitaa likapanda. Kah! Mwingine.

Wa tatu hivyohivyo. Wa nne hivyohivyo. Yule jamaa bado goti kakunja, kama mtu aliyesahauliwa na mpiga picha.

"Oya, malizia basi!"

"Huyu dogo anatuchezea akili!"

Mama Kasilda akatoka kaunta. "Krispini, kanda ina nini?"

Na yeye, bila aibu, anaeleza. "Mama, nimefanya hesabu. Kwenye kipindi cha salamu kila wimbo unachukua dakika tatu. Kanda ni dakika sitini. Nikampa fundi wa kurekodi orodha ya nyimbo ishirini, nikamwambia kila mmoja dakika tatu, asizidishe hata sekunde."

Nyie! Huyu mtu wiki tatu kasikiliza salamu na hajajua kwamba mtangazaji anaukata wimbo katikati ili awahi majina ya watu wengine! Alidhani nyimbo zinaishia pale. Na Mpanda nzima inacheza sebene harusini, yeye alikuwa anaangalia saa.

"Nilikutuma uniletee vichwa vya samaki?" Mama Kasilda akamwambia. "Miili iko wapi? Toa uchafu wako."

Nikaweka yangu. Sina la kusimulia, ilikuwa moto. Lile gitaa halikubisha hodi, liliingia. Wenye makobazi ya tairi wakapiga chini mpaka chupa zikahama mezani. Nusu saa nzima hakuna aliyekaa. Hata mjomba Masalu alitikisa bega moja, akaona ninamwangalia, akaacha.

Upande ukaisha. "Geuza!" wakapiga kelele.

Krispini akaninong'oneza, "Upande wa pili umeusikiliza?"

"Muziki si mtihani, bwana."

Nikageuza.

Kwanza mtu akakohoa. Halafu sauti ya mwanaume: "Mke wangu, salaam. Mimi huku Dar mzima, kazi ya zege naendelea nayo. Kuandika sijui, ndiyo maana nakutumia kanda."

Barua! Yule mwizi wa dirishani kaniuzia barua ya mtu! Krispini kajaa tabasamu, mjomba Masalu anaiangalia baiskeli yake. Nikapeleka kidole nizime.

"Sasa sikiliza," sauti ikaendelea. "Yule ng'ombe wa tumbo jeupe, mwenye mimba, uza. Usingoje azae."

"Acha hapo! Usizime!" Mjomba Masalu kasimama. "Kasemaje? Auze ng'ombe mwenye mimba?"

"Ndivyo kasema," akajibu mzee wa meza ya pili.

"Huyo mwanaume ana akili kweli? Unauza wawili kwa bei ya mmoja?"

"Labda malisho kwao yamekauka. Wewe unajua kwao?"

"Yakauke! Si ampeleke kwa shemeji zake? Rudisha nyuma, Gau, tusikie vizuri."

Nikarudisha. Wakasikiliza kama misa. Wakagawanyika, nusu uza, nusu usiuze. Wakaagiza bia ili koo zipate nguvu ya kubisha. Nikarudisha tena. Watu wazima, wana wajukuu, wanagombana na spika! "Usimsikilize, mama, subiri azae!" mmoja anamwambia mwanamke ambaye hayupo, hajulikani, na huenda kanda hajawahi kuipata. Niliwadharau wote. Nimewaletea gitaa la kufufua maiti, wao wanataka tumbo jeupe.

"Lakini huu si muziki!" Krispini akalalamika.

"Kaa chini wewe, mkata nyimbo," mjomba akamwambia.

Jua halijazama, makreti yote yalikuwa matupu. Mama Kasilda akafuta mikono kwenye kanga. "Gau, Jumatatu uanze."

"Mama, huyu kabahatisha tu!" Sauti ya Krispini ilikuwa inataka kulia. "Hakuchunguza chochote!"

"Wewe uliyechunguza uliniuzia kreti ngapi?"

Mjomba Masalu akafungua baiskeli yake. Hakunipakia. "Palizi nitatafuta kijana mwingine," akasema. "Kazi hii unaiweza. Inafaa watu."

Inafaa watu! Nikamwitikia ndiyo mjomba, nikiwa nimeinamisha uso nisimcheke.

Jumatatu nikafika asubuhi, nikafuta vumbi kwenye spika, nikaweka upande wa gitaa. Wateja watatu walikuwa wamekaa. Hata wimbo wa kwanza haujachanganya, mmoja akainua mkono.

"Kijana, hebu tuwekee ile ya ng'ombe."

Nikamtazama Mama Kasilda. Akanionyesha kwa kidevu nigeuze.

Nikageuza.