Mwongozo Juu ya Mlango

Mwongozo wenyewe waliutia kwenye fremu ya kioo, wakautundika juu ya mlango wa chumba cha bandeji, mlango uleule ambao sisi akina mama tulikatazwa kuupita. Mtoto apewe dawa ya maumivu kwanza. Isubiriwe mpaka ianze kufanya kazi. Mama akae na mwanawe. Niliusoma kila asubuhi nikiwa barazani, huku ndani watoto wakipiga mayowe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mitumba ruksa, duka la dawa kila kona ruksa, hata hospitali za watu binafsi kama hiyo ya pale mjini Morogoro, ruksa. Mama kumshika mwanawe mkono, hapana. Nesi Editha alikuwa na elimu yake: eti mtoto akimwona mama anadeka. Nilipomwonyesha maandishi, alinitazama toka kichwani mpaka kwenye ndala zangu zenye matope ya kijijini kwetu Mkuyuni.

"Hayo ni ya wageni, mama Chausiku."

Chausiku wangu alikuwa hajaanza hata shule. Sufuria ya uji ilimmwagikia mguu, kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Siku za mwanzo nilimsikia akiniita nyuma ya ukuta. Kisha akanyamaza. Akawa anatolewa amebebwa, macho makavu, nami nikadhani kidonda kinapona.

Daktari Athanas ndiye aliyekwenda Dar kwenye semina, akarudi na mwongozo huo, mkoba mpya na Kiswahili cha puani. Wageni wenye mwongozo walipotoa taarifa kwamba wanakuja kuona mwongozo unavyofuatwa, alipita wodini kutafuta mtoto wa kuonyesha. Akamchagua mwanangu, kwa sababu halii.

Siku hiyo ndiyo nikaruhusiwa kuingia. Niliambiwa nioge, nivae khanga safi, nimpakate, nitabasamu. Nilikubali yote ili nimshike tu.

"Dawa mmempa?" nilimuuliza Editha kwa sauti ya chini. Akanitolea macho.

Athanas akaanza kubandua bandeji iliyogandia kwenye nyama, huku anahutubia. "Mnaona? Maumivu tumeyadhibiti." Wageni wakaitikia kwa vichwa, mmoja akawa anaandika. Wao walikuwa wanatazama mguu. Chausiku alikuwa ameng'ata ncha ya khanga yangu, mwili mzima unamtetemeka, na mkojo wa moto ukanishukia mapajani. Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, lakini kama nilivyomdharau yule mwanamume na tai yake, sijapata.

Nikamwinamia mwanangu, nikasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima.

"Lia, mwanangu. Mama yupo."

Alinitazama kwanza, kama hakuamini. Kisha akalia kilio cha siku zote zile, akaning'ang'ania shingoni.

"Usiondoke, mama. Nesi kasema nikilia utaondoka, hutarudi. Usiondoke."

Aliyekuwa akiandika akaacha. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akamgeukia Athanas akamuuliza dawa iko wapi. Yule msemaji wetu hodari akaanza kupapasa mifuko ya koti, kana kwamba huwa anatembea nayo.

Kumbe ilikuwepo siku zote. Ilikuwa kabatini kwa Editha, imefungiwa kwa kufuli, inatunzwa isiishe. Ndivyo walivyozoea toka miaka ya uhaba na foleni, kitu kizuri kufungiwa mpaka kiharibike. Baada ya hapo dawa ikatoka, na sisi tukaingia na watoto wetu. Kuombwa radhi hatukuombwa, na mimi radhi ya watu wale ningeipeleka wapi?

Mwaka jana Chausiku alikuwa anajifungua, nami niko nje kwenye benchi. Mkunga, binti mwenye adabu zake, akatoka anatabasamu.

"Shikamoo, mama. Mwanao jasiri sana, hajatoa hata sauti."

Nilimpita bila kuitikia, nikaingia. Chausiku alikuwa ameng'ata ncha ya khanga.