Kisu cha Vitunguu cha Mama

Daktari wa meno huja kwetu mara mbili kwa mwaka, na siku akija, mjomba wangu, fundi wa visu, hufunga vifungo vyote vya shati. Nyumbani kwake daktari ana visu mia na kitu kwenye kabati la kioo, vyote vya kutengenezwa kwa mkono, na hakuna hata kimoja kilichowahi kukata nyanya. Mwanzoni nilicheka. Kisu kisichokata ni cha nini?

"Jicho," mjomba akaniambia, "una vile viatu vyako vya sherehe. Umevivaa mara ngapi?"



Jicho ni mimi. Nilipomaliza darasa la saba mjomba alinichukua karakanani nimfagilie vumbi la chuma, nikawa nafagia huku natazama. Sasa ni mwaka wa sita. Nimetengeneza visu tisa, na hakuna chenye chapa. Chapa ni alama ya fundi, na watu kama daktari hawanunui kisu bila hiyo. Ya mjomba ni nyota ndogo. Mimi sikuwa nayo, kwa sababu mjomba aliniwekea sharti: "Siku mnunuzi atakapoacha changu akashika chako, bila kuambiwa, utachonga chapa yako. Kabla ya hapo wewe ni fundi wa jikoni kwa mama yako."

Na kweli, visu vyangu vyote viliishia jikoni kwa mama.

Asubuhi ile nilitandika kitambaa cheusi kwenye meza ya dirishani, nikapanga visu vitano vya mjomba, nikavifuta mafuta kimoja kimoja. Mama akapita na kisu nilichomtengenezea mwaka juzi.

"Kimekuwa butu, kinoe mwanangu." Akakiweka pembeni ya kitambaa, akarudi kwenye sufuria yake.

Honi ikalia nje. Nikakimbia kufungua geti, kisu nikakisahau palepale.

Daktari akaingia, akavua saa, akavaa glavu nyeupe. "Haya fundi, fungua mdomo nione." Utani wake ni huo huo, na mjomba hucheka kila mara.

Nilishamsoma zamani. Makali hajaribu kamwe. Anainua kisu kuelekea dirishani, anafumba jicho moja, anatafuta mwanga pale mpini unapokutana na chuma. Ukipenya hata kiasi cha unywele, anakirudisha. Akatazama cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano. Halafu mkono wake ukaenda pembeni, kwenye kisu cha mama.

Nikataka kusema, mjomba akanikazia macho, nikafunga mdomo.

Akakiinua. Akafumba jicho. Akakaa hivyo mpaka shingo ikaniuma mimi. Mwanga haukupita. Akakigeuza, akaona ubapa ulivyoingia rangi: buluu kama shingo ya njiwa, na mawingu ya kijivu kuelekea nchani.

"Fundi," akanong'ona, "rangi hii umeipataje? Ni asidi gani?"

Mjomba akakuna kidevu. Mama, aliyekuwa mlangoni amefuata kisu chake, akamjibia: "Vitunguu."

"Samahani?"

"Vitunguu, daktari. Na limau siku za samaki. Mwaka wa pili huu."

Daktari akakinusa. Akacheka mpaka machozi, sijui ni kicheko au ni vitunguu. "Basi nigongee nyota yako, fundi, nakichukua sasa hivi."

Hapo ndipo nilipoogopa. Chapa hugongwa chuma kikiwa bado laini. Kikishachomwa na kuzimwa kwenye mafuta hakikubali tena. Lakini nyota inaweza kuchorwa kwa asidi, na mjomba anajua. Kisu kingeingia kabatini kwa jina lake, mimi nirudi kwenye ufagio.

Mjomba akapitisha kidole kwenye mgongo wa kisu, taratibu, kama anayesoma barua.

"Nyota siweki. Si kazi yangu." Akaninyooshea kidevu. "Mwenyewe huyo hapo, amejikunyata kama anasubiri kung'olewa jino."

"Huyu binti?"

"Mpwa wangu. Na sharti nililomwekea leo limenikaba mimi."

"Basi nakichukua bila chapa."

Mama akakinyakua. "Unakipeleka wapi? Na mimi nikate kwa meno? Yakivunjika utanitibu bure?"

Daktari akanigeukia. "Nitengenezee kingine, binti. Chenye chapa yako. Nitangoja."

"Na rangi?" nikauliza.

"Rangi nitaitia mwenyewe. Kwani mimi sili vitunguu?"

Alipoondoka, mjomba akanipa kipande cha chuma urefu wa kidole na tupa ndogo kuliko zote. Nikachonga chapa yangu siku tatu. Kwenye ncha ya kile chuma nikatoa kitunguu chenye mkia. Mama alisema kinafanana na panya aliyeshiba.

Siku ya kuigonga kwenye kisu kipya cha daktari, mjomba alitoka nje, eti hataki kunihemea shingoni. Kisogo chake nilikiona dirishani. Chapa hupigwa pigo moja. La pili huacha kivuli, na kazi yote imeharibika. Nikavuta pumzi, nikashusha nyundo.

"Kimekaa?" sauti yake ikaja kutoka nje.

"Kimekaa!"

"Mkia upo?"

"Upo, mjomba!"

Jikoni mama akaanza kupiga sufuria kwa mwiko, na hakuacha mpaka chakula kikaungua.