Zamu ya Dina

Kule Mamba, kijijini kwao Dina, maji ya mfereji hukusanywa kwenye bwawa liitwalo ndiva, kisha kila familia hupewa zamu ya kumwagilia tangawizi. Anayemaliza ndiye humwita anayefuata, kwa sauti, kutoka shambani kwake. Kwa hiyo Dina alisomea mitihani yote ya sekondari ukingoni mwa shamba, akiwa amezama kwenye daftari, bila kuangalia saa. Zamu ikifika, angeitwa.

Muhula wake wa kwanza chuoni Same, alipangiwa kuwasilisha kazi yake darasani Jumatano, baada ya mwenzake Clemence. Alijiandaa wiki nzima. Siku hiyo akakaa kitandani bwenini, viatu miguuni, karatasi mkononi, akisoma na kusubiri. Jua likahama kutoka dirishani. Wenzake wakaanza kurudi wakicheka.

Akamfuata Clemence nje. "Mbona hukuniita?"

"Nikuite? Kwani mimi mama yako? Ratiba si iko ubaoni?"

"Nilikuwa tayari kabisa."

"Tayari wapi, kitandani? Dada, ulitaka nikuletee kadi ya mwaliko?"

Wenzake wakaangua kicheko. Dina akacheka nao kidogo, kisha akaenda kunawa uso.

Bila alama za kazi ile, asingefanya mtihani wa muhula. Akaenda ofisini kwa mwalimu wao, Madam Hedwiga.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Tulikusubiri, Dina. Ulikuwa wapi?"

Akamweleza yote, mpaka habari za ndiva. Sasa, alipoyasema kwa sauti, yalionekana ya kitoto. Lakini Madam hakucheka.

"Hapa hakuna atakayekuita," alisema taratibu. "Utawasilisha Ijumaa, saa mbili asubuhi, ofisini humu. Mara hii tu. Na usiniambie utakumbuka, kila mtu huniambia hivyo. Niambie, ukimaliza kufanya nini ndipo utakuja?"

Dina akafikiri. "Nikishatandika kitanda."

"Unatandika kila siku?"

"Kila siku, madam. Mama alinizoesha."

"Basi hapo hapo. Usikae tena."

Ijumaa bweni lilikuwa tupu. Wenzake wa chumbani walikuwa wamekwenda kwao Lembeni tangu jana yake. Hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Dina akavuta shuka, akakunja blanketi, akapiga mto. Mwili ulitaka kukaa asome ukurasa mmoja tu. Akachukua karatasi, akatoka.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi nusu. Madam alikuwa dirishani, mgongo mlangoni, akiongea kwenye simu. Dina akasimama kizingitini. Ukutani saa ilionyesha saa mbili kasoro dakika moja. Korido nzima ilikuwa tupu, na kwa mara ya kwanza tangu aje Same alielewa kwamba angeweza kusimama pale mpaka jioni, na asingekuwepo mtu mwingine wa kulaumiwa.

"Hodi," akasema. Sauti haikutoka vizuri. Akarudia, kwa nguvu zaidi, mguu mmoja ukiwa tayari ndani.