Alasiri Iliyofungiwa Dirishani

Ludivine Ouellette alibandika nailoni ya kuzuia baridi kwenye dirisha la chumba cha baba yake mwezi Septemba, alasiri moja yenye joto la kutoa jasho, shule zikiwa zimefungwa ili watoto wakavune viazi. Alizungusha utepe wa gundi kwenye fremu, akaivuta nailoni, kisha akaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma.

Katika bonde lile hakuna anayefanya hivyo kabla jalidi haijaanguka. Ukiwahi, unafungia humo humo chochote kilichopo. Corinne wa nyumba ya pili alikuwa akipanga matawi ya misonobari kuzunguka msingi wa nyumba yake, upepo usije ukapita chini. Aliacha kazi akacheka.

"We Ludivine! Septemba hii? Utalala na mainzi mpaka Pasaka, shauri yako. Haraka haraka haina baraka."

"Na wewe utalala na maneno yako. Umesahau nesi alivyosema?"

Corinne hakuwa amesahau. Nesi alisema kifua cha mzee Rosaire, baba yake Ludivine, hakitastahimili baridi nyingine kama ya mwaka jana. Akikikuta chumba kina baridi tena, atamhamishia kwenye nyumba ya wazee mjini. Mzee alikuwa ameoa na kufiwa katika chumba kile, na alikwisha kusema kwamba akitolewa humo hatamaliza mwezi. Mafuta ya kupashia nyumba joto yalikuwa hayashikiki kwa bei, na dirisha lenyewe lilikuwa na ufa unaopitisha kidole. Bwana Pinette, mwenye nyumba zote za safu ile, alikuwa akiahidi kuuziba tangu enzi ya mke wake wa kwanza.

Jalidi ilianguka Oktoba, na theluji ikafuata. Dirishani hakikubadilika kitu. Kati ya kioo na nailoni ile alasiri ilibaki vilevile, na mwanga wake wa manjano, na harufu ya udongo uliofukuliwa viazi, na nyenje mmoja aliyelia bila kupumzika. Joto lilipenya nailoni likajaa chumba, likavuka ukumbi, likafika jikoni. Jiko la mafuta lilizimika lenyewe na halikuwaka tena. Dereva wa lori la mafuta alipopita, alipima tanki, akalikuta halijapungua, akaenda zake.

"Shikamoo, na asante," Ludivine aliliambia dirisha kila asubuhi, kama mtu anavyomwamkia mkwe.

"Huyo nyenje anaimbia puani," alisema mzee Rosaire, amejilaza na fulana tu. "Lakini ana moyo, mshukuruni."

Nesi alikuja Desemba. Alivua koti, akavua na sweta, akasikiliza kifua cha mzee, akatazama kipimajoto. Akasogeza kiti chake kivulini.

"Mzee haendi popote," alisema.

Ludivine alikwenda jikoni akalia kwa furaha, tena kwa sauti, hakuona haya. Kisha akarudi na sahani ya ploye, zile chapati za maji za nyumbani kwao, na siagi juu.

Baridi ilipozidi, Corinne alibisha hodi akiwa na chungu cha mchuzi wa kuku na paka wake kwapani.

"Sikuja kuomba radhi," alisema. "Nimekuja kuota jua."

"Ingia ufunge mlango, mwenzangu. Mainzi walikuwa wakikuulizia."

Baada yake safu nzima ikaja. Walikaa kitandani, walikaa sakafuni, wakaleta viazi na kuni zisizohitajika. Mzee Rosaire aliwapangia nani akae karibu na dirisha, na Ludivine alimshukuru Mungu kwa kila mmoja wao, hata kwa paka.

Habari zilimfikia Bwana Pinette. Alikuja, akavua kofia, akakaa jua likimpiga usoni, akala ploye tatu.

"Mnaona sasa?" alisema. "Miaka yote mnanililia madirisha mabovu. Nyumba hizi ni nzuri sana."

"Bwana Pinette, ni dirisha moja hili," alisema Corinne. "Kwangu maji yanaganda kwenye glasi."

"Basi na wewe ungewahi kubandika."

Akaaga kwa adabu, akaongeza ploye ya njiani. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na huyu alikuwa ameshiba mezani kwao.

Mwezi Mei Ludivine aliibandua nailoni. Alasiri ilitoka, ikapita juu ya bustani, ikayeyusha theluji ya mwisho iliyojificha chini ya uzio. Nyenje aliruka akaingia majanini. Mzee Rosaire, mzima, amesimama kwa fimbo yake, aliwapungia mkono.

"Nendeni salama. Tumekula chumvi yenu."

Septemba ilipofika, siku ya joto kuliko zote, safu nzima ilisimama madirishani na nailoni mkononi. Corinne alikuwa wa kwanza, jasho likimtiririka. Bwana Pinette alipita na gari lake, akapunguza mwendo, akapiga honi kuwapongeza.

Ludivine alimpungia mkono. Kisha, kabla ya kubandika, alipima ule ufa wa dirisha la baba yake kwa kidole. Safari hii vilipita vidole viwili. Akavuta nailoni.